Kigingi Chekundu Kando ya Kisima cha Marehemu

Watu wa Dodoma tulijifunza mapema kuogopa kigingi chekundu cha wapima ardhi. Mama yangu mdogo alikuwa na nyumba ya tembe pembeni ya Makole. Asubuhi moja alikuta kigingi uani, karibu na kinu chake, na msimu wa kulima ulipofika tembe ilikuwa barabara. Hakuna aliyemtukana wala kumsukuma. Kigingi kilitangulia, watu wakafuata. Kwa hiyo nilipokikuta kimoja kando ya kisima cha marehemu mume wangu, sikuhitaji kuelezwa.

Tuliishi upande wa Mtumba, wakati ule bado ni mashamba ya uwele na njia za ng'ombe. Maji yetu ya kiangazi yalikuwa chini ya mchanga wa korongo. Kila nyumba ina mahali pake. Mvua zikija, mafuriko yanajaza shimo. Kiangazi kikirudi unafukua palepale na kuzungushia miiba ng'ombe wasiingie. Anayefukua ndiye mwenye kisima. Usipofukua, watu wanasema pako wazi.

Mume wangu alifariki mvua zikielekea kuisha. Kwetu, kitu alichokishika marehemu kwa mikono yake watu wa nyumbani hatukigusi mpaka matanga yaanuliwe. Siku ya kuanua alitakiwa apange shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Hakupanga. Nikimuuliza, alisema uwele wa pombe haujapatikana. Wenzangu wote walikwisha kufukua. Mimi nateka kwa jirani, kwa kuomba, huku natazama mahali petu palivyolala chini ya mchanga.

Na ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, kila kitu kina mnunuzi. Bwana mmoja wa mjini, mwenye pampu, alikuwa akitafuta mahali pa kuvutia maji ya bustani ya nyanya. Nilimwona kilabuni amekaa na shemeji. Sikusikia walichosema. Ila tangu hapo shemeji alinisalimu kwa upole kuliko kawaida yake, na upole ule ukaninyima raha.

Ndipo wakaja wanafunzi wa chuo kikuu. Walikuwa na chama chao cha mambo ya maji, na likizo ile walikuja kujifunza kwa vitendo; wenyewe walisema wako fildi. Wavulana walilala shuleni. Msichana alikuwa mmoja tu, na mwenyekiti wa kijiji akamleta kwangu. Nikajiambia, nimeletewa mtu wa kunichunguza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnatafuta nini korongoni kwetu?"

"Tunapima maji yanavyoshuka kiangazi."

"Yakishuka mtayapandisha?"

Akacheka. "Hapana, mama. Tunapima tu."

Mtu atoke Dar es Salaam, apande gari, aje kupima tu. Sikuamini.

Alikuwa Mhehe wa Iringa, na Wahehe ni watani wetu Wagogo: sisi tunawatania kula mbwa, wao wanatutania kuombaomba mjini. Jirani yangu alipojua hilo akaniitia kutoka kwake, "Mwenzangu, funga mbwa wako, mgeni ana njaa."

Binti hakusita. "Wa kwenu wamekonda, shangazi. Nitasubiri muwarudishe kutoka mjini mlikowatuma kuomba."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Baadaye nikaona nimejisahau. Mpelelezi anayekuchekesha ni mbaya kuliko aliyenuna.

Siku chache baadaye nikakiona kile kigingi. Nilikitikisa mpaka kikalegea, nikakibeba nyumbani ndani ya kanga. Jioni tukila ugali kwa mlenda, binti akasema, "Mama, kigingi cha pale mahali pasipofukuliwa hakipo. Labda ng'ombe."

"Si ng'ombe. Nimeking'oa mimi."

Nikamweleza habari za mama mdogo. Alisikiliza, kisha akasema vigingi vyao vya korongoni ni alama za kupimia tu, ili warudi mahali palepale.

"Mkishapima mnampa nani?"

"Mwalimu wetu."

"Na yeye?"

Tonge lilibaki mkononi mwake. "Watu wa mradi. Wao wanampa nani, mama, sijui."

"Na pale palivyo mchanga mtupu, nani aliwaonyesha?"

"Shemeji yako. Alisema pana maji kuliko pote, na hapana mwenyewe."

Sikula tena. Baadaye akaniuliza, basi mbona sifukui. Nikamwambia habari ya matanga.

"Kwani na mtani anakatazwa?"

Mtani hakatazwi, na akishakigusa yeye mwiko umeondoka, hata wa nyumbani wanaweza kukishika. Siku ya mazishi watani ndio waliokaa juu ya kaburi mpaka wakapewa kuku, na hakuna aliyewakemea. Lakini wale walikwisha kurudi kwao, na huyu mwenyewe sikujua ametumwa na nani.

Asubuhi akachukua koleo la marehemu akatangulia korongoni. Nilimfuata, nikakaa ukingoni. Shimo lilikuwa limempita magoti aliposhuka shemeji, na watu waliokuja kuteka nyuma yake.

"Wewe binti, nani kakutuma hapa?"

"Marehemu. Anasema ana kiu."

Watu wakaguna kwa kucheka.

"Unajua hiki kisima ni cha nani?"

"Cha mume wetu. Mimi mke mdogo, yule pale mkubwa. Shemeji, usisimame kama fisi kwenye arusi, nipokee koleo."

Mtu akikasirikia mtani ameaibika yeye. Shemeji alitazama watu, watu wakamtazama. Akalipokea koleo, akafukua. Alifukua kwa hasira, kwa hiyo alifukua vizuri. Mchanga ukaanza kubadilika rangi, halafu ukalowa. Binti akachota kwa kata, akanipa mimi kwanza. Miiba niliikata mwenyewe siku ileile.

Kabla hatujaondoka alishusha utepe wake ndani ya kisima akapima. Mpaka leo najiuliza kama alinifukulia mimi au alifukua apate kipimo chake. Lakini kigingi hakukirudisha. Alikiona kwangu nimefungia mbuzi, akapita. Likizo ilipoisha akaniaga vizuri, na sikumwona tena.

Kiangazi kilichofuata yule bwana wa pampu alikuja na vijana wake. Walitembea korongoni kutoka kigingi hadi kigingi, kama watu wanaofuata nyayo. Pampu waliifunga kule chini, kwa mzee mmoja aliyekuwa hajafukua kwa sababu ya ugonjwa. Walipopita kwangu nilikuwa ndani ya miiba, nateka. Bwana yule alisimama, akaangalia chini huku na huku.

"Hapa pana mwenyewe?"

"Yupo," nikasema, nikaendelea kuteka.