Pombe Isiyokuwa ya Mwelu

Mwelu Nzivo alirudi nyumbani mtaani Shauri Moyo Jumanne moja ya mwezi wa nane, saa nne asubuhi, akiburuta sanduku lenye gurudumu moja bovu. Nilikuwa nafagia mbele ya duka langu. Mkataba wake wa kazi melini ulikuwa umebakisha miezi minne, kwa hivyo nilipomwona tu nilijua kuna jambo.

"Mama Ndete, kuna msiba?" nikamuuliza.

"Msiba ungekuwa na heshima, Mama Junaid. Nimefutwa. Wanasema ni mambo ya pombe."

Nilibaki nimeshika ufagio. Mimi na Mwelu tumeishi mlango kwa mlango miaka kumi na saba. Mimi ni Mwislamu, pombe sijawahi kuionja. Yeye ni Mkristo wa kanisa lisiloruhusu hata divai kwenye meza ya Bwana. Wao hunywa maji ya zabibu. Ninaandika haya kwa sababu nimeyasikia yakisimuliwa vibaya bombani na kule sokoni Gikomba, na nimechoka kumrekebisha mtu mmoja mmoja.

Baba yake alikuwa mchonga vinyago kutoka Wamunyu, aliyechonga twiga na vifaru vya kuwauzia watalii mpaka vidole vikakataa kukunjuka. Mwelu alimaliza kidato cha nne, akapata kazi ya kutandika vitanda katika hoteli moja mjini, akaifanya miaka kumi. Aliposikia kwamba meli za watalii zinaajiri, alikwenda Mombasa kusomea usalama wa baharini. Huko walimrusha majini na jaketi la kujiokolea, yeye ambaye hajawahi kuogelea hata kwenye bwawa. Alifaulu. Tangu hapo ni miaka sita, akienda miezi tisa na kurudi miwili. Alikuwa akisafisha vyumba kumi na vinane kila siku, asubuhi na jioni. Binti yake, Ndete, alilelewa na mume wake, Kiilu, ambaye ni dereva wa lori, na Kiilu akiwa safarini nilimlea mimi.

Kila likizo alikuja dukani kwangu na hadithi, na zilizotuchekesha zaidi ni za abiria wanaoficha pombe. Melini pombe ni tele, lakini ni ya kununua kwenye baa zao, kwa bei wanayotaka wao. Kuleta chupa yako ni marufuku, isipokuwa divai kidogo siku ya kwanza, na mizigo yote hupitishwa kwenye mashine. Basi watu wazima wenye wajukuu, waliolipia chumba chenye roshani ya kutazama bahari, wanageuka wafanya magendo. Wanamimina vodka ndani ya chupa ya dawa ya kusukutua mdomo na kuitia rangi ya keki ya kijani. Wanajaza jini kwenye chupa za shampuu. Bibi mmoja alipita na wiski ndani ya mpira ule wa maji moto wa kukandia mgongo.

"Na wakishikwa?" nilimuuliza siku moja.

"Chupa inachukuliwa, inabandikwa namba ya chumba, wanarudishiwa siku ya mwisho wakishuka. Tena wanaambiwa asante."

Tulicheka sana. Leo nikikumbuka kicheko kile naona haya.

Yaliyompata ni haya. Chumba kimojawapo kilikuwa na mume na mke wa makamo, watu wa tabasamu. Mume alimuuliza Mwelu jina la binti yake na kila asubuhi alimtumia Ndete salamu kwa jina, kana kwamba anamjua. Siku ya tano ya safari, Mwelu akisafisha bafu lao, chupa ya shampuu ilikuwa imeanguka sakafuni na kifuniko kimelegea. Alipoiokota ikamwagikia kifuani. Haikutoa povu. Harufu yake ilimjia puani kabla hajasimama wima.

Sheria kwa mhudumu ni moja: ukikuta pombe iliyofichwa, ripoti kwa msimamizi wako mara moja. Mwelu aliiacha chupa ilipokuwa, akatoka, akafunga mlango, akaelekea ofisi ya msimamizi iliyoko ghorofa ya chini. Hakubadili nguo kwanza, maana mara moja ni mara moja. Kwenye ngazi alikutana na mlinzi. Mlinzi akavuta hewa mara mbili, akamwambia asimame hapo hapo.

Wafanyakazi wa meli hawaruhusiwi kuwa na pombe mwilini wakiwa kazini. Walimpeleka chumba kidogo wakampa kipimo apulize. Akapuliza. Ikasoma sufuri. Akaomba apulize tena mbele ya mkubwa wa walinzi, akapuliza, sufuri. Ndipo akawaeleza ya shampuu, wakaenda naye kuwauliza wenye chumba.

Wenye chumba walisema hawajui lolote. Chupa haikuwepo tena bafuni. Mume alisema, kwa upole sana, kwamba huenda yule dada wa usafi ana matatizo yake, na wao hawangependa aadhibiwe vikali.

"Alikuwa ananitazama usoni akisema hivyo," Mwelu alituambia. "Yeye angepoteza chupa tu, Mama Junaid. Chupa ambayo angerudishiwa. Akaona afadhali mimi."

Kesho yake mkubwa mmoja wa meli alimsomea uamuzi. Kwa kuwa kipimo kilikuwa sufuri, hawakuweza kusema alikunywa. Kwa hivyo walisema alikuta pombe na hakuripoti. Aliwaambia alisimamishwa akiwa njiani kwenda kuripoti. Wakamjibu kwamba kwenye kumbukumbu hakuna ripoti yoyote. Bandari iliyofuata wakamshusha na tiketi ya ndege.

Jioni ile aliyofika tulikaa kwake, mimi, yeye na Kiilu. Kiilu si mtu mbaya, lakini ameendesha magari miaka mingi na anaheshimu kizuizi cha polisi kuliko watu wengi wanavyoheshimu msikiti.

"Sheria ni sheria," alisema. "Mimi nikisimamishwa napuliza alkoblo, kile kipimo chao cha pombe, naenda zangu. Na kampuni ina haki yake. Ukiingia hoteli ya chakula pale Muthurwa na chapati zako mfukoni, mwenye hoteli atakutoa."

"Atanitoa mimi," nikamwambia. "Hatamfukuza anayemwoshea vyombo."

"Lakini ni usalama pia, Mama Junaid. Watu wakilewa ovyo wanaanguka baharini."

Mwelu alikuwa anamenya viazi. Akaweka kisu chini.

"Baba Ndete, baa za kwenye ile meli zinafunguliwa saa nne asubuhi. Kuna tiketi ya vinywaji, ukishailipia unakunywa mpaka unabebwa. Mimi ndiye niliyekuwa napangusa matapishi yao. Hakuna aliyeniambia hayo ni hatari. Hatari ni ile chupa ambayo hawakuiuza wao. Sasa usiniambie usalama."

Kiilu aliangalia mikono yake. "Mimi nasema tu sheria ipo."

"Ipo. Niliifuata. Abiria waliivunja. Nani yuko nyumbani?"

Nilikuwa nimekasirika hadi masikio yananiwaka. Sikujua nimkasirikie nani zaidi, aliyetunga sheria inayomrudishia mkosaji chupa na kumnyima mtu kazi, au yule mzee wa tabasamu aliyekuwa akimtumia Ndete salamu.

Jumapili ya kwanza ikapita. Mwelu ndiye aliyekuwa akiongoza sauti ya kwanza ya kwaya kila akiwa nyumbani, na walimwekea nafasi hiyo kwa miaka yote. Jumatatu Elsie, mwenyekiti wa kina mama kanisani kwao, alikuja dukani kununua sukari. Mwelu alikuwa ameketi ndani kwangu. Elsie alipomwona alijifanya kuchagua sabuni.

"Dada Mwelu, tumeonelea upumzike kidogo na kwaya," alisema mwishowe. "Mpaka mambo yatulie."

"Mambo gani?"

"Unajua watu wanavyosema."

"Sijui. Niambie wanavyosema."

"Kwamba kule melini ulianza kuonja onja. Mimi siamini, lakini ni lazima tuwaangalie vijana wetu."

"Kama huamini, ulitakiwa kuwaambia hivyo," Mwelu alisema. "Badala yake umekuja kuniambia mimi."

Elsie akalipia sukari akaenda. Sabuni aliiacha kwenye kaunta.

Ofisi ya wakala aliyemtafutia kazi iko mjini, ghorofa ya nne. Mwelu alikwenda mara mbili peke yake na kurudi mikono mitupu. Kitabu chake cha baharia kilikuwa huko, kimetumwa na meli, na bila kitabu hicho wala barua ya kazi hakuna meli wala hoteli itakayomwangalia. Kukichukua, alitakiwa kusaini fomu. Mara ya tatu nilifunga duka nikaenda naye.

Dada wa mapokezi, Jacklyne, alisukuma fomu ile mbele yetu. Iliandikwa kwamba mfanyakazi anakubali ameachishwa kwa kosa linalohusiana na pombe.

"Madam, ni fomu tu," Jacklyne alisema. "Kila mtu anasaini."

"Isome kwa sauti," Mwelu alimwambia. "Weka jina lako pale penye langu. Halafu uniambie kama utaipeleka nyumbani."

Jacklyne hakuisoma kwa sauti, lakini aliisoma, niliona macho yake yakitembea. Kisha akaigeukia kompyuta yake, akafungua ripoti ya meli, akaisoma, akatugeuzia skrini.

"Hapa wanasema ulipimwa mara mbili," alisema. "Sufuri, sufuri."

"Nilikwambia mara ya kwanza nilipokuja."

"Nilidhani ni maneno tu."

"Basi yaandike."

"Sina ruhusa ya kubadilisha fomu."

"Nani anayo?"

"Bwana Thuo, lakini ana mkutano."

"Tutamngoja," Mwelu alisema, na tukaketi. Tulingoja tangu saa tatu mpaka baada ya adhuhuri. Niliswali kwenye kona ya ukumbi wao, na Jacklyne akaniletea gazeti la kutandika.

Bwana Thuo alipotoka alikuwa na haraka ya mtu anayetaka uone kwamba ana haraka. Alisema kampuni ile ni kubwa, inachukua Wakenya wengi, na si vizuri kuiudhi kwa ajili ya mtu mmoja. Alisema meli ina bendera ya nchi nyingine na sheria zake. Alisema Mwelu ashukuru alipewa tiketi ya kurudi.

"Sijaja kudai kazi," Mwelu alimjibu. "Sikubali tu kuandikwa mlevi. Nimefanya kazi ile miaka sita, hakuna abiria aliyelalamika. Mkiniandika hivyo nitakwenda kwa afisa wa leba wa serikali na hiyo ripoti iliyo kwenye kompyuta yenu, maana sasa nimeiona, na huyu jirani yangu ameiona."

"Nimeiona," nikasema. "Sufuri mbili."

Bwana Thuo alimwangalia Jacklyne kwa jicho kali. Jacklyne hakuinamisha kichwa. Alisema tu, "Iko hapa, bosi, na wao wenyewe ndio walioituma."

Saa tisa, badala ya fomu ile, Bwana Thuo aliagiza ichapwe barua mpya. Ilisema kwamba Mwelu Nzivo alipimwa na hakukutwa na pombe, na kwamba mkataba wake ulikatizwa kwa kuchelewa kuripoti. Mwelu aliisoma hadi mwisho. Akaomba kalamu, na chini ya maneno yale akaandika kwa mkono wake: Sikuchelewa, nilisimamishwa nikiwa njiani. Ndipo akasaini. Bwana Thuo alisema hilo halikubaliki. Jacklyne akaitoa nakala, akapiga muhuri zote mbili, akampa Mwelu moja pamoja na kitabu chake.

Kiilu alitaka barua isomwe kanisani Jumapili, mbele ya wote. Mwelu alikataa. Alimpelekea Elsie nyumbani, akasimama mlangoni mpaka Elsie alipomaliza kusoma.

"Sisi tulijua tu, dada," Elsie alisema.

Mwelu alinieleza kwamba maneno hayo yalimuuma kuliko yale ya mkubwa wa meli. Mkubwa wa meli hakuwa anamjua. Walimrudishia nafasi yake ya kuongoza kwaya, akasema hapana, ataimba safu ya nyuma kama wengine. Anaimba huko mpaka leo.

Sasa ni msimamizi wa sehemu ya dobi katika hospitali moja huku Eastlands. Siku ya mahojiano aliwapa barua nzima, pamoja na yale aliyoyaandika kwa mkono. Mama aliyemhoji alimuuliza kwa nini aliongeza maneno yake, akamweleza, wakaongea karibu saa nzima. Anapata pungufu ya alivyopata melini, lakini analala nyumbani, na Ndete, ambaye mwakani anamaliza shule, ameanza kumgombeza kama binti yeyote anavyomgombeza mama yake.

Mwezi uliopita Jacklyne alipiga simu. Kulikuwa na meli nyingine, kampuni nyingine, inatafuta wahudumu wenye uzoefu, na jina la Mwelu ndilo lililomjia kwanza. Mwelu alikuwa dukani kwangu, akaiweka simu kwenye spika nisikie.

"Nina swali moja," alimwambia. "Kwa hao, mhudumu akikuta pombe ya abiria, na abiria akaikana, nani anaaminiwa?"

Jacklyne akasema hajui, ila atawauliza na kumpigia.

Bado hajapiga.