Simu Iliyojua Nilikuwa Miasenyi

Jumatatu moja asubuhi, tukiwa ofisini tunasubiri maji ya chai yachemke, kijana wa kampuni iliyokuwa ikitutengenezea programu ya simu aliniuliza kama vitunguu vya Miasenyi bado ni vya bei nafuu. Aliuliza kwa mzaha huku akifungua kompyuta yake, kama mtu anayetaka tu kuanzisha maongezi. Nikamjibu kwamba sijui. Akacheka kidogo, akasema alidhani ningejua, kwa sababu jana yake nilikuwa huko.

Nilikuwa huko kweli. Lakini sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Dada yangu mkubwa anauza vitunguu na matikiti kando ya barabara kuu pale Miasenyi. Aligombana na baba yetu kuhusu shamba la mlimani, na baba akaapa kwamba hakuna mtoto wake mwingine atakayekanyaga kwa dada. Baba yuko hai, na mume wangu anamheshimu sana, kwa hiyo mimi humtembelea dada kisirisiri. Jumapili nyingine, baada ya kanisa, husema nabaki kwa kikao cha akina mama, kisha napanda gari la kwenda Miasenyi. Tunakaa nyuma ya kibanda chake, tunaongea Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, tunacheka mambo ya utotoni, halafu narudi Voi jua likiwa bado liko juu. Sirudi na kitunguu hata kimoja, nisije nikaulizwa kimetoka wapi.

Siku ile sikufanya kazi ya maana. Nilijaribu kujiambia kwamba huyo kijana alinipita barabarani, ila yeye hutoka Nairobi kwa treni. Nikamfikiria mume wangu. Yeye na kijana huyo walikuwa wamekutana mara moja, kwenye harusi ya mfanyakazi mwenzetu, wakaongea muda mrefu. Jioni mume wangu aliponiuliza sukari nimeiweka wapi, nilisikia kana kwamba ananiuliza jambo lingine. Nilimwangalia akikoroga chai yake, nikajiuliza ni tangu lini amekuwa akinifuatilia. Ni vibaya sana kulala karibu na mtu huku unamshuku.

Nieleze kazi yenyewe. Nilikuwa afisa katika ofisi ya serikali, hapo Voi, inayopokea malalamiko ya wakulima walioharibiwa mimea na wanyama wa porini. Ndovu akiingia shambani, mkulima alilazimika kusafiri hadi kwetu kueleza, na mtu wa Kishushe angeweza kungoja gari siku nzima barabarani asilipate. Akifika, alama za miguu zimeshafutika, na maafisa wetu wanabaki kubishana naye. Ndipo wakubwa wakaamua tuwe na programu ya simu. Mkulima angepiga picha ya uharibifu, angebonyeza kitufe, na sisi tungejua ni wapi na lini.

Mimi ndiye niliyepewa jukumu la kupanga. Niliifurahia kazi hiyo kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilikaa na wenzangu tukaandika kila kitu ambacho programu ingehitaji: iseme Kiswahili cha watu wa hapa, isiwe nzito, ifanye kazi hata pasipo na mtandao na kutuma ripoti baadaye mtu akifika kwenye mtandao. Tulikuwa na mtaalamu mmoja tu wa kompyuta, mwanamke wa familia ya Kiislamu kutoka Kaloleni, aliyekuwa amehamishiwa kwetu karibuni. Yeye alitaka tuijenge wenyewe polepole, na tuajiri mwingine wa kumsaidia. Mkubwa wetu akasema hatuna muda huo. Ikaletwa kampuni kutoka Nairobi, na kampuni ikamleta kijana huyo mchangamfu, mwenye miwani na maneno matamu. Sote tuliokuwa kwenye mpango tuliwekewa programu hiyo simuni kwa ajili ya majaribio.

Wiki hiyo hiyo ya vitunguu tulikwenda Kishushe kuwaonyesha watu programu. Chifu alikuwa ameitisha baraza nje ya shule, na watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Wakasimama mbali kidogo na meza yetu. Huko kuna watu wanaopima madini kila mara. Magari mageni huja, hufunga vibendera vyekundu kwenye miti, kisha huondoka bila kueleza lolote. Kwa hiyo mgeni mwenye kompyuta hapokewi kwa vigelegele.

Kijana wa kampuni alieleza vizuri. Alionyesha jinsi ya kupiga picha, jinsi ya kutuma. Kisha akasema kwamba lazima mtu aruhusu simu ijue mahali alipo, wakati wote, la sivyo programu haitafunguka. Hilo la wakati wote halikuwa kwenye mpango wetu. Nilimtazama, lakini yeye alikuwa akiwatazama watu.

Mama mmoja wa makamo, mfugaji mwenye mbuzi na kashamba ka pojo, akainuka. Hakumuuliza kijana. Aliniuliza mimi.

"Mwanangu, wewe ni mtu wa huku. Hii simu ikijua mahali nilipo, ni nani mwingine anajua?"

Nilikuwa na jibu la ofisi tayari mdomoni. Ningesema kwamba habari zake ziko salama, kwamba ni serikali peke yake. Lakini nilikumbuka vitunguu, na lile jibu likakataa kutoka.

"Sijui, mama," nikasema. "Nitauliza."

Akakaa. Kijana aliingilia kati, akasema hakuna cha kuogopa, lakini watu walikuwa wameanza kukung'uta vumbi kwenye nguo zao na kuondoka. Hakuna hata mmoja aliyekubali kuwekewa programu. Wengine walishika juu simu zao za mulika mwizi, zile ndogo zisizobeba programu, wakituonyesha kwamba wao hawahusiki, wakacheka.

Tukapanda gari kurudi Voi. Barabara ile ni mawe na mashimo mwanzo hadi mwisho, na nilipata muda mwingi wa kufikiri. Nilipofika ofisini nilitaka kwenda moja kwa moja kwa mtaalamu wetu wa Kaloleni, ila miguu ilisita. Nilikuwa nimemwona mara kadhaa akinywa chai na yule kijana, vichwa vyao vimeinamia kompyuta moja. Kama walikuwa pamoja, ningekuwa najipeleka mwenyewe. Kesho yake sikuwa na mtu mwingine wa kumwendea. Nikafunga mlango wake, nikamwambia yote, hata habari za dada yangu.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia kwamba yeye naye alikuwa akinishuku mimi, maana aliona kipengele cha wakati wote kwenye programu na akadhani mimi ndiye niliyekiomba. Chai alizokunywa na kijana zilikuwa za kumpeleleza. Akaniomba simu yangu. Akaiunganisha na kompyuta yake ili aone kila kitu inachotuma, akaifunga programu mbele yangu, tukakaa tukingoja. Baada ya muda mfupi mstari ukatokea kwenye kioo cha kompyuta. Kisha mwingine. Programu ilikuwa imefungwa, na bado ilikuwa inasema mahali tulipokaa. Na ilikuwa inasema kwenye sehemu mbili: kwenye seva ya ofisi yetu, na kwenye anwani nyingine ambayo hakuna kati yetu aliyeifahamu.

"Dada, hii ya pili si yetu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

Tulikwenda kwa mkubwa wetu pamoja. Nilitegemea aikasirikie kampuni. Badala yake aliegemea kiti akatutazama kwa zamu, akatuuliza ni nani tuliyemwonyesha hayo, na kwa nini yanajitokeza sasa wakati mradi uko karibu kuzinduliwa. Akanigeukia mimi.

"Nani amekutuma?"

Niliumia. Lakini nilimwelewa pia. Kampuni nyingi zilikuwa zimekosa kazi ile, na yeyote kati yao angeweza kunitumia. Mtaalamu wetu hakubishana naye. Alimwomba simu yake, akaiweka juu ya meza, akarudia jaribio lile lile. Mkubwa alitazama mistari ikijitokeza. Alipoona mtaa anaoishi umetajwa, kwenye kumbukumbu za jana yake jioni, alivua miwani akaipangusa kwa muda mrefu.

Kijana wa kampuni aliitwa. Hakukana. Alisema ni mambo ya majaribio, kwamba walitaka kuona kama alama za watu zinasogea sawasawa kwenye ramani, na anwani ya pili ni ghala la kampuni la kuhifadhia kumbukumbu. Vitunguu, alisema, vilikuwa utani tu. Aliona alama yangu imesimama Miasenyi, naye anajua Miasenyi ni vitunguu. Mtaalamu wetu akamuuliza kumbukumbu hizo zingekaa ghalani hadi lini, na nani mwingine ana ufunguo wake. Akasema atauliza Nairobi. Jibu halikuja. Hadi leo sijui kama ulikuwa uzembe au kulikuwa na mtu aliyetaka kujua nani anatembea wapi kule Kishushe. Nimeyafikiria yote mawili, na siku nyingine naamini hili, siku nyingine lile.

Mkataba ulisimamishwa. Mkubwa hakunitaka radhi, ila alimwajiri msaidizi ambaye mtaalamu wetu alikuwa amemwomba tangu mwanzo. Wakajenga programu ndogo, isiyopendeza sana machoni. Inauliza mahali ulipo pale tu unapotuma ripoti, na ukikataa unaandika jina la kijiji kwa mkono. Ripoti ikishughulikiwa, alama ya mahali inafutwa. Mimi nilisisitiza ifutwe hata kwetu. Nilikuwa nimejifunza kwamba mtu mwenye ramani ya watu hawezi kukaa bila kuichungulia, na sikuwa na hakika mimi ningekaa.

Mume wangu nilimwambia habari za dada siku ya mkataba kusimamishwa. Niliona ni heri azisikie kutoka kinywani mwangu. Aliuliza dada anaendeleaje, akauliza kama kibanda chake kina kivuli. Kisha akasema tusimwambie baba. Nilimsikiliza kwa makini nikitafuta kama kuna kitu anachokificha, nikajichukia kwa kufanya hivyo, na bado nikaendelea kutafuta.

Tulirudi Kishushe na programu mpya. Nilieleza wazi kilichotokea, pamoja na sehemu ambayo hatukupata jibu. Wachache waliiweka simuni, wengi walisema watangoja kuona.

Ripoti ya kwanza kutoka huko ilikuwa picha ya nyayo za ndovu kwenye pojo zilizolazwa chini. Jina la kijiji halikuandikwa, mahali palikataliwa. Kulikuwa na namba ya simu tu. Tukapiga, mwanamume akapokea, akasema ni wa Kishushe, tukamwomba atueleze shamba lake liko wapi ili maafisa waje.

"Njooni kwanza mpaka shuleni," akasema. "Mkifika nitawaona, halafu nitaamua."

Maafisa wetu wakapanda gari wakaenda.