Mwenye Maji Asiguse Umeme

Watu walimwita Mama Tesita, wala hakulikataa jina hilo, kwa maana ile tesita yake, bisibisi ndogo yenye kitaa kinachowaka ncha ikigusa umeme, haikumtoka mkobani hata alipokwenda harusini. Alikuwa fundi umeme, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja: hakuweza kuketi katika nyumba ya mtu akatulia kabla hajajua kilichomo ndani ya kisanduku cha breka, zile swichi za kukata umeme. Wenzake wakikaribishwa sebuleni hutazama picha za ukutani. Yeye hutazama soketi. Mumewe, aliyekuwa fundi bomba na mtu wa maneno machache, alikwisha kuzoea kumkanyaga mguu chini ya meza za watu.

"Tumekuja kutoa pole," humnong'oneza, "hatukuja kukagua."

Nyumba moja tu ilikuwa imefungwa kwa tesita yake, nayo ni ya mama mkwe wake. Zamani mumewe na kaka yake mkubwa waligombana humo, kila mmoja akidai kwamba ni patasi ya mwenzake iliyobomoa ukuta wa bafu. Mama yao alichoka kuwasuluhisha, akatunga sheria: mwenye maji asiguse umeme, na mwenye umeme asiguse maji. Kaka Mkubwa akachukua nyaya, mdogo wake akachukua mabomba, na tangu siku hiyo hapakuwa na ugomvi. Ilikuwa amani ya kusifiwa na kila mgeni, na hakuna aliyeuliza inafunika nini. Mke wa fundi bomba hakutajwa popote katika sheria hiyo. Alikuja, akaamkia, akasaidia jikoni, akaondoka, na kile kisanduku cha koridoni kikabaki kinamwasha kama upele usiofikika kwa mkono.

Jumapili moja walialikwa chakula cha mchana. Sebuleni Kaka Mkubwa na majirani zake walikuwa wameikodolea macho mechi kwenye runinga. Mama Tesita alipita moja kwa moja hadi jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisogezee hilo sufuria."

Mama mkwe alikuwa peku juu ya sakafu yenye maji. Kabla ya kufungua bomba alizungushia mkono wake kitambaa, kama mtu anayeepua chungu motoni. Mama Tesita alisimama na sufuria mkononi.

"Mama, mbona bomba la maji baridi unalishika kwa kitambaa?"

"Uzee tu huu. Nikilishika hivi hivi, wadudu wananitambalia mpaka kwenye kiwiko. Wameanza wiki iliyopita."

"Wanakuja kila unapolishika?"

"Hapana. Ni ninapochemsha maji ya kuoga. Siku nyingine wananipumzisha."

"Mama, uzee haujui kama hita ya bafuni imewashwa au imezimwa. Usiliguse tena bomba hilo, tafadhali. Na uvae ndala."

Alitoa tesita mkobani, akagusisha ncha yake kwenye bomba. Kitaa kikawaka, hafifu, chekundu kama jicho la mgonjwa. Alikimbilia bafuni akazima swichi ya hita, akarudi, akajaribu tena. Giza. Akaiwasha, kitaa nacho kikawaka. Akilini alimwona mwanamke huyu aliyemwita mwanangu akisimama bafuni, mwili mzima umelowa, akinyoosha mkono kufunga maji bila kitambaa.

Alitoka hadi sebuleni.

"Shemeji, naomba nifungue kisanduku cha breka."

Kaka Mkubwa hakuondoa macho kwenye runinga. "Leo umekuja kula au kukagua?"

"Bomba la jikoni lina umeme."

"Tesita yako ina njaa, shemeji. Ilishe kwanza." Majirani wakacheka. "Nyumba hii ilikaguliwa na mkaguzi mwenyewe, akaweka saini."

Ni kweli alikuja mkaguzi. Alisimama koridoni, akasifu rangi ya ukuta, akanywa chai, akaweka saini bila kukifungua kifuniko. Nyumba ngapi zimesimama juu ya saini za namna hiyo, na ni nani aliyewahi kuulizwa? Tunawasaili watoto wetu darasani kila muhula, lakini nyaya zinazolala nao chumba kimoja hatuzisaili.

Mama Tesita hakubishana. Alikwenda koridoni akashusha swichi kuu.

Runinga ikafa. Sebule ikanguruma.

"Shemeji," Kaka Mkubwa alisema, akija taratibu, sauti ameibana, "mechi iko dakika za mwisho."

"Mechi itarudiwa. Nishikie tochi."

Alishika tochi, labda kwa sababu alitaka kushuhudia anavyoumbuka. Na kifuniko kilipotoka, Mama Tesita ndiye aliyeona haya kidogo, kwa kuwa moyoni alitarajia kukuta kiota cha kunguru. Kazi ilikuwa safi. Nyaya za moto zimenyooka, kila moja imeingia katika breka yake. Nyutro, zile zinazourudisha umeme ulikotoka, zimepangwa kwenye ukanda wao. Nyaya za ethi, zinazoupeleka ardhini umeme uliopotea njia, zimepangwa kwenye ukanda mwingine, bila kuchanganywa.

"Kazi nzuri, shemeji."

"Nilikuambia."

"Na hii?" Aliweka kidole juu ya breka pana kuliko nyingine, ile yenye kitufe cha majaribio, ambayo kazi yake ni kukata umeme wote mara unapovuja. Nyaya zilikuwa zimeizunguka bila kuigusa.

"Hiyo nimeiruka mwaka jana. Ilikuwa inasumbua. Mama akiwasha hita tu, inakata."

"Kwa hiyo ilikuambia hita inavujisha umeme, ukaifunga mdomo."

"Iliniambia upuuzi. Hita ilichemsha vizuri, na hakuna aliyepigwa shoti. Ethi si ipo?"

"Ipo wapi?"

Alimulika waya mnene wa kijani na njano ulioshuka ukutani. "Imefungwa kwenye bomba kuu la maji. Chuma kitupu, kinapita ardhini mpaka barabarani. Utapata wapi ethi bora kuliko hiyo?"

Nyuma yao mtu alikohoa. Fundi bomba alikuwa amefika na kipande cha mkate mkononi, na alikuwa ameacha kutafuna.

"Lile bomba la nje," alisema, "nimelitoa wiki iliyopita. Lilikuwa limeoza. Nimeweka la plastiki."

Kaka Mkubwa aliushusha mwanga wa tochi sakafuni.

"Hukuniambia," alisema Kaka Mkubwa.

"Nikuambie nini? Maji ni yangu. Na wewe uliniambia lini kwamba umeme wako umelala kwenye bomba langu?"

"Umeme ni wangu."

Mabomba ya ndani ya ukuta yalikuwa bado ya chuma. Umeme uliovuja kwenye hita ulikuwa unashuka kila siku kuitafuta ardhi, na sasa, ulipofika kwenye plastiki, ukakosa njia, ukabaki unazurura ndani ya kila bomba la nyumba, ukimngoja mtu wa kuupitisha.

Kaka Mkubwa alikuna kichwa. "Basi si jambo kubwa. Nipe kipande cha waya, niunge ukanda wa ethi na wa nyutro. Zote si zinarudi kwao?"

"Leo zitarudi, na wadudu wa mama watakoma. Lakini siku nyutro itakapolegea kule nguzoni, umeme wa friji, wa pasi na wa taa zote utakosa njia ya kurudi, nao utapitia humu humu kwenye ethi na mabomba. Utakuwa umempa mama nyumba nzima aishike mkononi."

"Mbona wengi wanafanya?"

"Hao wengi, mama yangu haogi kwao."

Hakukusudia kusema hivyo. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, ndala miguuni, akiwasikiliza. Aliwatazama wanawe mmoja mmoja, kama alivyowatazama siku ile ya ukuta.

"Sheria niliitunga mimi," alisema. "Nilitaka msipigane. Sikutaka msizungumze." Akamgeukia Mama Tesita. "Mwanangu, kinatakiwa nini?"

"Fimbo ya shaba izamishwe ardhini, mama. Na ile breka irudishiwe kazi yake."

"Wachimbe. Wote wawili."

Fimbo ikaletwa kutoka dukani, wakachimba nyuma ya bafu, mmoja na sururu, mwingine akimwagia udongo mkavu maji ulainike, wakitukanana kwa sauti ya chini kama zamani. Mama Tesita hakukaa. Alikagua kiungo cha fimbo na waya wa ethi, akapima, hakuridhika, akawaambia waizamishe zaidi, akapima tena. Kisha akairudisha breka pana kazini, akainua swichi kuu, akawasha hita.

Tap. Nyumba nzima ikazimika.

"Unaona?" alisema Kaka Mkubwa, ingawa safari hii bila majivuno. "Inasumbua."

"Iache isumbue," alisema mama yake. "Kumbe ndiyo peke yake humu iliyokuwa inaniambia ukweli. Hiyo hita itoeni. Nitachemsha maji jikoni."

Waliitoa, umeme ukarudi, chakula kikapakuliwa. Mama Tesita alimega tonge, akalirudisha sahanini. Dirishani aliona nyumba ya jirani, na mbele yake mtaro uliofukiwa juzi juzi, udongo wake bado mwekundu. Baada yake palikuwa na mtaro mwingine. Na mwingine.

"Baba watoto," alisema polepole, "haya mabomba ya plastiki, umeweka hapa peke yake?"

Fundi bomba alitazama sahani yake.

"Mtaa mzima," alisema. "Yote yalikuwa yameoza."

Majirani wa mechi, ambao ethi zao nazo zilifungwa kwenye mabomba hayo, wakatazamana. Mmoja wao aliondoa mkono wake kwenye glasi, akauliza kwa upole kama kuna ubaya mkewe akiwa anafua sasa hivi.

Mama Tesita alikuwa amekwisha kusimama, mkoba begani. Safari hii hakuna aliyemkanyaga mguu. Mumewe alichukua sururu, na Kaka Mkubwa, akiwa bado anatafuna, akaichukua tochi.