Digadi la Kulia

Mkaguzi wa magari alisukuma sakafu ya jipu la baba kwa dole gumba, dole likatokea chini. Akalichomoa, akalipangusa kutu kwa leso, akaandika kwenye karatasi yake. Kisha akamwambia baba kwamba anampa hadi mwisho wa mwezi. Gari likirudi na sakafu, bodi nzima na madigadi mawili ya kufunika magurudumu ya mbele, atalipitisha. Likirudi lilivyo, namba yake itafutwa na litahesabiwa kuwa chuma chakavu.

"Sawa, afande," baba alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani.

Baba alikuwa dereva tangu ujana wake, lakini magari yote aliyoendesha yalikuwa ya watu. Aliendesha ya jeshi la Mwingereza huko Burma wakati wa vita, halafu ya mkandarasi wa barabara, halafu kwa miaka mingi ya mzungu mmoja wa tumbaku kule Iringa. Mzungu alipofunga shamba na kuondoka, alimwachia baba jipu la zamani la vita lililokuwa limesimama nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, kuku wakitagia ndani yake. Injini ilikuwa nzima. Bodi ilikuwa imeliwa na kutu kiasi kwamba upande mmoja uliweza kuona kuku bila kuinama. Hilo ndilo lilikuwa gari lake la kwanza. Na alikuwa amempelekea habari dada yake, shangazi yangu wa Idodi, kwamba safari ijayo hatamwona akishuka kwenye lori la mtu.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Dar es Salaam, somo la hisabati, nikawa nyumbani Ilomba, Mbeya, nasubiri barua ya kupangiwa kazi. Mama alikuwa akiwaambia majirani kwamba nimerudi na sanduku moja la nguo na mawili ya maswali. Nilimuuliza mchungaji alijuaje kwamba Mungu anapenda nyimbo ndefu. Nilimuuliza balozi wa nyumba kumi kwa nini mkutano wa saa nne huanza saa sita, naye akamweleza baba, kwa huruma, kwamba binti yake ameharibika.

Hadithi za baba za vita nazo sikuziamini zote. Alisema majipu ya vita yalibeba sepetu na shoka ubavuni, chini ya dereva, ambaye anakaa kushoto. Nikamuuliza mtu wa vitani anataka sepetu la nini kwenye gari. Lakini siku tuliyokwangua kutu ya ubavu wa kushoto, alama ilijitokeza yenyewe: umbo la sepetu, na chini yake umbo la shoka. Baba alisimama akavuta sigara yake hadi mwisho, hakuniambia lolote. Nilimshukuru kimoyomoyo kwa hilo.

Spea za gari kama lile hazikuwepo Mbeya, wala Dar es Salaam. Kila kipande kilibidi kinakiliwe. Na fundi wetu hakuwa hata fundi wa magari. Alikuwa fundi bati, jirani yetu wa nyumba ya tatu, mtengenezaji wa masanduku ya wanafunzi wa bweni, makarai na koroboi. Baba alimchagua kwa sababu sanduku nililokwenda nalo shule ya msingi bado lilikuwa linafunga.

Bati letu lilitoka kwenye mapipa ya lami yaliyotupwa na wajenzi wa barabara kuu. Fundi aliyakata kitako na mfuniko, akayapasua, kisha kazi ikawa yangu: kuyachoma moto lami iyeyuke, kuyakwangua, na kuyashikilia juu ya gogo la mkaratusi wakati yeye anayanyoosha kwa nyundo ya mti. Nilinuka moshi hata baada ya kuoga.

"Mzee," fundi alimwambia baba siku ya pili, "huyu binti atakuja kuozwa kwa mtu wa barabara. Wengine hawatamkaribia."

"Na huyo wa barabara ataulizwa maswali mpaka arudishe lami yote," baba akajibu.

Nilicheka nao. Ukweli ni kwamba nilikuwa na furaha siku zile kuliko nilivyokuwa nataka kukiri. Bati likipigwa vizuri huanza kutii, na ukilishika unasikia mahali lilipolegea.

Kilichonikera ni mwendo wa fundi. Kila kipande alikianza kwa kupasua mfuko mtupu wa saruji, akatandaza karatasi yake juu ya mifupa ya gari, akaipapasa kwa kiganja alichokipaka masizi, mpaka kila ukingo na kila tundu la bolti likajichora. Kisha alirudia palepale kwa karatasi nyingine. Zikilingana ndipo akate. Sakafu ilichukua siku tatu. Bodi ya nyuma ilichukua wiki. Ilipobaki wiki moja kwenda mwisho wa mwezi, kilibaki kipande kimoja kikubwa, digadi la kulia, na bati moja tu zuri la kulitengenezea.

La kushoto lilikuwepo, la kiwandani, zima kabisa. Nililipima asubuhi nzima kwa rula, nikalichora kwenye karatasi ya miraba, kisha nikalichora tena limegeuzwa kama kwenye kioo. Nilimpelekea fundi wakati anapasua mfuko wake wa saruji.

"Fundi, weka hiyo karatasi. Kazi ya kupima imeisha."

Aliutazama mchoro kwa heshima. "Umepima la kushoto," alisema.

"La kulia ni hilohilo, limegeuzwa tu."

"Nani kasema?"

Swali hilo lilikuwa langu. Nilikuwa nimelitumia kwa mchungaji, kwa balozi na kwa baba mwenyewe, na kulisikia kinywani mwa mtu mwingine kulinikasirisha.

"Kiwanda kimesema," nikajibu. "Gari lina pande mbili zinazolingana. Hata mtoto anajua."

"Basi nipapase kidogo tu, nione kama kiwanda na mtoto wamepatana."

"Tuna siku saba, fundi."

Baba alikuwa amekaa kwenye usukani, mahali alipopenda kukaa wakati sisi tunafanya kazi. Alishuka, akachukua mchoro, akaushika kwa ncha za vidole ili asiuchafue. Baba alisoma hadi darasa la nne. Aliutazama kwa muda mrefu mno, mistari ile na tarakimu zile nilizoziandika kwa wino, nami niliona ananitazama mimi ndani yake.

"Fuata mchoro," alimwambia fundi.

"Gari ni lako, mzee," fundi akasema, akakunja mfuko wake wa saruji vizuri na kuuweka chini ya gogo.

Kazi ilichukua siku mbili na digadi lilitoka zuri sana. Kona zake zilikuwa kali, uso wake umenyooka, na fundi alilipiga kwa uaminifu uleule kana kwamba ni wazo lake. Asubuhi ya siku ya tatu tuliliinua watatu tukaliweka mahali pake.

Matundu hayakukutana. La nyuma lilikaa sawa, la mbele likapita kwa upana wa vidole viwili. Baba alisukuma kwa bega. Nikalipima tena, lilikuwa sawa na mchoro hadi nusu milimita. Tulilitoa, tukaliweka, tukalitoa.

Fundi alichukua kamba, akaifunga nyuma ya chesisi, ile mifupa ya gari, akaivuta mbele hadi ncha ya kushoto, kisha hadi ncha ya kulia. Ya kulia ilikuwa fupi. Ncha ya mbele ya chesisi ilikuwa imesukumwa nyuma na kupinda ndani, kidogo, kiasi ambacho jicho halioni bila kupima.

Baba alikaa juu ya jiwe. "Ule mti," alisema. Akatueleza kwamba miaka mingi nyuma, wakati wa masika, mzungu wa tumbaku aliteleza na jipu lile akagonga mti. Baba mwenyewe ndiye aliyelivuta kwa trekta. Walibadilisha taa, wakasahau.

Niligeuka kwa fundi. "Ulijua?"

"Sikujua," alisema. "Ndiyo maana napima."

Hakuna aliyenilaumu, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama. Bati lilikuwa limekwisha kukatwa; huwezi kurudisha kona iliyokunjwa na kutobolewa ukapata uso mzima. Mapipa ya lami kando ya barabara yalikuwa yamechukuliwa na watu wenye akili kama zetu. Zilibaki siku nne. Baba alirudi kukaa kwenye usukani, lakini safari hii hakuushika.

Sijui nani alianza kulitazama pipa la mama. Lilisimama chini ya mchirizi wa bati, safi, halijawahi kuona lami, likikinga maji ya mvua ya kufulia na kupikia. Mama, ambaye ni Mnyakyusa wa Tukuyu na anachukulia maji ya mvua kama wengine wanavyochukulia ng'ombe, alitoka jikoni akatukuta watatu tumekaa tunatazama upande mmoja.

"Hapana," alisema.

Hakuna aliyekuwa amemwomba kitu.

"Mama," nikasema, "kosa ni langu."

"Najua ni lako. Nimesikia tangu asubuhi." Akamtazama baba pale kwenye usukani, mikono mapajani. Kisha akaenda kwenye pipa, akalisukuma kwa mguu, maji yote yakamwagika uani hadi kwenye migomba.

"Chukueni. Lakini mpaka nipate jingine, maji yangu yataletwa na hilo gari. Si kichwa changu, si kichwa cha huyu msomi. Hilo gari."

"Ndaga," baba alimshukuru kwa Kinyakyusa, lugha aliyoitumia kwake tu na kwa nadra.

Safari hii mimi ndiye niliyeshikilia karatasi ya saruji wakati fundi anapapasa. Alinipaka masizi na mimi, nikapapasa ile ya pili. Zililingana. Mchoro wangu aliutumia kuwashia moto wa kulehemu, na aliniomba ruhusa kwanza.

Gari tulilipaka rangi iliyosalia madirisha ya kanisa yalipopakwa, rangi ya maziwa. Baba alitaka kijani cha jeshi, nikamuuliza kama anataka kukamatwa pia.

Siku ya ukaguzi nilikwenda naye, na fundi akaja amevaa koti. Mkaguzi alikumbuka. Alikwenda moja kwa moja kwenye sakafu, akasukuma kwa dole gumba, kisha kwa ngumi, kisha akapanda akarukaruka. Akashuka, akasimama mbele ya gari, akafumba jicho moja.

"Haya madigadi hayalingani."

Baba alinitazama. Fundi alitazama viatu vyake.

"Hayatakiwi kulingana, afande," nikasema. "Ncha ya chesisi imepinda upande wa kulia tangu zamani. Digadi limefuata chesisi. Ekseli zimenyooka, zimepimwa kwa kamba."

"Nani kapima?"

"Fundi bati huyu."

"Fundi bati," mkaguzi alirudia. Akamwambia baba, "Mzee, nipeleke."

Walikwenda hadi mwisho wa barabara iliyonyooka, nasi tukabaki tumesimama juani. Wakati wa kurudi nilimwona baba kutoka mbali akiwa ameachia usukani na kuinua mikono yote miwili, kama mtu anayetaka kuombewa, na jipu likija limenyooka bila kugusa ukingo. Mkaguzi alishuka akaweka karatasi yake juu ya digadi la kulia, akasaini hapo.

Baba alitaka kuondoka kwenda Idodi kesho yake. Mama alimkumbusha maji yake. Kwa hiyo safari ya kwanza ya jipu ilikuwa ya mtoni, mama mbele amejifunga kitenge kipya, mimi nyuma na ndoo nane. Tulirudi polepole, na kwenye kila bonde ndoo zilimwaga. Tulipofika uani baba alilala chini ya gari akatazama.

"Sakafu haivuji hata tone," alisema.

Kwa kweli haikuvuja. Maji yalikuwa yamejaa sakafuni mpaka vifundoni mwangu.

"Sasa yatatokea wapi?" nikauliza.

Mama alianza kucheka. Fundi aliitwa, akatazama, akacheka na yeye, akaenda kuchukua patasi, akatoboa sakafu yake nzuri tundu moja la ukubwa wa dole gumba na kulichongea kizibo cha mti.

Jumamosi tulipita njia panda ya Rujewa kabla ya saa tatu, na jioni tukaingia Idodi. Shangazi alilizunguka gari mara mbili, mikono nyuma, akasimama mbele yake.

"Kaka, mbona digadi moja fupi?"

"Muulize mwanao," baba alisema, akaingia ndani kunywa togwa, akaniachia mimi nieleze.