Kupiga Kura, Kupiga Mtu

Dada yangu alikuwa anashona kaptura za shule walipovunja mlango.

Mume wake, fundi wa reli, tulikuwa tumemzika kabla mvua hazijaanza. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule moja ya kanisa hapa Kamina, na juma lile nilikuwa namrekodi dada kwa simu. Nilikuwa nimeona mtandaoni tangazo la tamasha la kimataifa la filamu fupi. Unatuma filamu isiyozidi dakika tano, watu wa dunia nzima wanaitazama kwenye simu zao, kisha wanaipigia kura. Nilitaka kuonyesha mjane anayelisha watoto wake kwa cherehani. Simu nilikuwa nimeisimamisha juu ya rafu ya vyombo, imeegemea beseni la unga. Dada alikuwa ananung'unika wimbo wa kanisani na gurudumu linazunguka.

Aliyeingia wa kwanza ni shemeji, mdogo wake marehemu. Huyu ni mchuuzi wa samaki. Huwanunua Bukama na kuwaleta kwa treni. Nyuma yake walikuwa binamu zake wawili, mmoja ameshika mpini wa jembe.

"Toka," shemeji alisema. "Hii nyumba iko ya kaka yangu. Ulikatala mila, basi toka."

Mila aliyoisema ni kwamba mjane alale na ndugu wa mumewe ili marehemu amtoke mwilini. Dada alikuwa ameikataa mbele ya ukoo mzima, amesimama, hakushusha hata macho.

"Iko ya batoto ya kaka yako," alimjibu, bado ameketi. "Minyi sitoke."

Shemeji alikamata cherehani. Dada akalikumbatia gurudumu. Ndipo shemeji alipompokonya binamu yake ule mpini na kumpiga dada kwenye vidole. Hakuachia. Akampiga tena, na safari hii nilisikia mlio kama wa kijiti kikavu. Nilimrukia mgongoni nikamng'ata shingo mpaka nikaonja chumvi ya jasho lake. Alinibamiza ukutani, nikaanguka. Juu yetu binamu mmoja alikuwa amekwisha kupanda na anang'oa mabati. Bati moja lilitumbukia ndani likanichana bega. Walibeba cherehani, magodoro, viti, hata nguo za watoto zilizokuwa kwenye kamba. Sufuria ya bukari, ugali wa mchana, ilikuwa bado motoni. Mmoja wao aliipiga teke na unga moto ukatapakaa sakafuni.

Walipoondoka, tulibaki tumeketi ndani ya nyumba huku jua linatuchoma utosini.

Polisi walitusikiliza kwa adabu. Walisema hayo ni mambo ya familia. Kwenye ofisi ya komini walisema vilevile, na mmoja wao akaongeza kwamba mwanamke mwenye busara angelikubali mila akabaki na nyumba yake. Dada aliyasikia haya akiwa ametoka zahanati, vidole viwili vimefungwa kwenye vibanzi. Hakulia. Tulipofika uani kwa mama, ambako tulikuwa tumehamia na watoto, aliniuliza:

"Ile simu ilishika yote?"

"Yote, yaya," nilimjibu, kwa kuwa ndiye mkubwa wangu.

"Basi tuma njo ile. Ya kushona acha."

Nilimwambia uso wake utaonekana mpaka nchi tusizozijua, na wa shemeji pia, na kwamba ikishatoka hairudi.

"Bantu ya hapa bamekatala kuona," alisema. "Acha ba mbali baone."

Nilikata na kuunga picha nyumbani kwa mama, bega likiwaka moto, nikaweka maandishi ya Kifaransa chini. Nilipofika kwenye mlio wa vidole nilizima simu, nikatoka nje. Kisha nikarudi nikamaliza. Filamu inaanza na wimbo wa kanisani na inaishia na mbingu nyeupe pale palipokuwa na paa.

Ilichaguliwa. Kura zilipofunguliwa, filamu yetu ilikuwa kwenye ukurasa mmoja na ya mzee anayeogesha farasi, na ya wasichana wanaoteleza juu ya barafu. Wanakwaya walipiga kura, walimu wenzangu wakapiga, waendesha pikipiki walikuwa wananunuliana mega za mtandao ili waitazame. Kutoka mbali watu waliandika maneno chini yake, nami nilikuwa namsomea dada kwa kuyatafsiri. Mmoja aliandika kwamba waigizaji ni hodari sana, na akauliza ule mlio wa vidole tuliutengeneza vipi.

Dada alicheka mpaka akajishika mbavu. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka.

"Anasema nimeigiza muzuri?"

"Anasema hivyo."

"Mwambie aje, nimuonyeshe namna banatengeneza."

Lakini si wote waliokuwa upande wetu. Ukoo wa marehemu nao uliandika palepale, kwa Kiswahili, kwamba dada ni mchawi aliyemla mumewe. Kila kura iliyoongezeka iliongeza ugomvi mjini. Sokoni wanawake wawili walichaniana blauzi kwa sababu mmoja alimwambia mwenzake ampigie kura mjane. Samaki wa shemeji walianza kuoza kwenye beseni, hakuna mnunuzi. Watoto walikuwa wanamfuata barabarani wakimwimbia, "Mupiga vidole! Mupiga vidole!"

Alikuja Jumapili baada ya ibada. Nilikuwa nachambua majani ya sombe uani kwa mama. Aliingia na panga lake la samaki, bado lina magamba. Macho yalikuwa mekundu na shati limefungwa vifungo vibaya.

"Toa ile kintu mu internet."

"Shemeji, siwezi. Haiko kwangu tena."

Alinikaba kwa mkono mmoja, akanisukuma mpaka kisogo kikagonga nguzo ya jiko, akaweka panga chini ya sikio langu. Nilisikia harufu ya samaki na ubaridi wa chuma. Mama alikuwa anapiga kelele. Shemeji aliiona simu juu ya kigoda, akaniachia, akaikanyaga kwa kisigino mpaka kioo kikawa ungaunga. Alibaki anahema, anaitazama.

"Imeisha?" aliniuliza. Aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kujibiwa ndiyo.

Kelele za mama ziliwaleta waendesha pikipiki wanaoegesha mbele ya ua wetu. Waliingia wengi. Wa kwanza alimpiga na kofia ya pikipiki, panga likaruka. Wakamburuta nje kwa miguu. Kisha yakaja mawe na matofali, na mtu mmoja alimpiga usoni kwa mnyororo wa baiskeli, jicho la kushoto likapasuka. Alilia kwa Kiluba akimwita mama yake. Nami, na nasema kama ilivyokuwa, moyo wangu ulifurahi. Nilisimama getini nikishika shingo yangu, nikatamani wamalize.

Wakaleta tairi. Mwingine alikuja na chupa ya petroli. Ndipo nilipoona simu zimeinuliwa juu, nyingi, mikono imenyooka kama watu wanaosifu kanisani.

"Filmez bien! Mushike yote muzuri!" kijana mmoja alipaza sauti. "Hii nayo tutapigia kura!"

Watu walicheka. Furaha yangu ilikatika hapohapo.

Dada alitokea nyuma yangu. Alikuwa ameenda kuwaficha watoto chumbani. Alipita kati ya wanaume wale akiwasukuma kwa kiwiko, mkono wenye vibanzi ameuinua juu usiguswe. Jiwe moja lilimpata mgongoni, hakugeuka. Tairi lilikuwa tayari shingoni mwa shemeji. Dada aliketi chini mavumbini kando yake, akapitisha mkono wake mzima ndani ya tairi lilelile.

"Mwangeni ile petroli," alisema. "Mutuunguze bawili."

"Mama, toka!" mmoja wao alimwambia dada. "Huyu njo alikuvunja vidole!"

"Najua. Vilikuwa vyangu. Nani alikutuma weye?"

Mwenye petroli aliitikisa chupa, akawatazama wenzake. Dada alikuwa anamkazia macho. Shemeji alikuwa anakoroma damu puani. Simu moja ilishuka, halafu nyingine. Mwenye chupa alitukana, akarudi kwenye pikipiki yake. Polisi walipofika tulikuwa tumebaki sisi na mama, na watazamaji wachache.

Kura zilifungwa, tukawa wa pili. Mzee wa farasi alitushinda. Nilialikwa kwenye sherehe ya mtandaoni, nikaazima simu ya mwenzangu, mtandao ukakatika nikiwa nasema shukrani. Baada ya filamu kusemwasemwa hivyo, mahakama ilikubali kusikiliza kesi tuliyofungua juu ya nyumba. Dada alirudishiwa nyumba na akina mama wa kanisa walileta mabati. Cherehani ilirudishwa na binamu wawili kwa baiskeli, hawakunitazama usoni. Vidole viwili havikunji tena. Dada anashona taratibu, akisukuma kitambaa kwa kiganja.

Nilimuuliza mara moja kwa nini aliketi pale.

"Sikumusamehe," alisema, bado anapindua upindo. "Lakini batoto yangu banafanana naye. Ungetaka baone ile sura inaungua?"

Shemeji alifungwa, akatoka. Jana tulikutana naye njiani kutoka kanisani, kovu limefunika mahali pa jicho. Alisimama pembeni kutupisha. Watoto walijificha nyuma ya mama yao.

"Musalimie baba yenu mudogo," dada aliwaambia.

Walimsalimu mmoja mmoja, naye akaitikia kwa sauti ndogo. Dada hakumsalimu. Mimi niligeuza uso nikatazama reli mpaka alipopita.