Fungu Lililopewa Jina Langu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupanda chombo chochote. Nilifika kituoni shati limepigwa pasi na viatu vinang'aa, nikidhani nitakabidhiwa usukani. Rubani Mkuu, mzee mfupi asiyecheka ovyo, aliviangalia viatu vyangu, akanipa pondo, yaani ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, kisha akaniamuru nivivue. Maji yalikuwa yamekupwa na mafungu ya mchanga yamelala wazi katikati ya mto. Tulitembea juu yake mpaka jua likawa utosini, tope likinifika magotini.

"Hii ndiyo kazi," aliniambia. "Chombo kinapita maji yakijaa, lakini njia yake unaisoma maji yakipwa. Na ukimkuta mtu miguu yake imo majini, muulize. Huyo kauona mto kabla yako."

Vijana wa leo mkisikia rubani mnawaza ndege. Sisi tulikuwa marubani wa mto. Tulivipokea vyombo vya baharini kwenye milango ya delta ya Rufiji, tukavipandisha ndani kwa niaba ya nahodha asiyeijua njia. Rufiji haukai mahali pamoja. Masika moja tu mafuriko yakishuka, fungu linahama, na mkondo unauacha ukingo huu unaufuata ule. Kwa hiyo kabla ya kupandisha chombo chochote, rubani alitangulia na mtumbwi wakati wa maji kupwa, akashuka, akatembea. Tuliiita kazi hiyo kusoma mto. Haikuandikwa kwenye kanuni yoyote, ila aliyeiacha hatukumhesabu kuwa mwenzetu.

Baada ya miaka mingi chini ya mzee yule nilihamishiwa Kilwa. Mkubwa wangu huko alikuwa Mkaguzi wa Vyombo, mtu wa makaratasi, aliyenifundisha kuandika taarifa fupi isiyo na doa. Niliporudishwa Rufiji, Rubani Mkuu alikuwa amekwishafariki na cheo chake nikapewa mimi. Hapo kiburi kikaanza kuniingia. Nilijiona mto huu nimeuzaa mwenyewe.

Nilikuwa nimekaribia kustaafu lilipokuja jahazi la utafiti wa bahari. Lilikuwa na milingoti miwili na injini ndogo ya kusaidia, na mkuku wake, ule mti wa chini kabisa wa chombo, ulishuka pima moja na nusu majini. Chombo cha namna ile si cha mtoni. Lakini Daktari aliyeongoza utafiti, mama mmoja mpole, alitaka kujua maji ya chumvi yamepanda hadi wapi, kwa sababu wakulima wa mpunga wa upande wa Mohoro walikuwa wakilia kwamba majaruba yao yanaungua. Mtambo wake wa kuchimbua tope ulikuwa umefungwa sitahani, haubebeki kwa mtumbwi. Ama jahazi lipande, ama kazi isifanyike.

Nahodha wake, Mpemba mtu mzima, aliniuliza jambo moja tu: kama nimeikagua njia baada ya masika. Nikamjibu kwamba nimeikagua. Nilikuwa sijaikagua. Goti lilikuwa likiniuma, na nilijiambia alama zangu za miaka yote zinatosha.

Si kwamba sikuonywa. Siku mbili kabla, shemeji yangu Mwanahawa, mke wa marehemu kaka yangu, alinikuta gatini. Yeye na wenzake hutanda uduvi, yaani huingia mtoni maji yakipwa na kuburuta kitambaa kunasa wale kamba wadogo.

"Shemeji," aliniambia, "pale kwenye kona ya mikoko mitatu pamejaa mchanga. Mwaka jana maji yalitufika shingoni, mwaka huu tunatanda yako magotini."

Sisi ni watani, na gati ilikuwa imejaa watu. Nikamjibu kwamba jahazi lile halijaja kuvua uduvi. Watu wakacheka. Yeye hakucheka, akajitwika ndoo yake akaenda zake.

Tulipanda siku ya bamvua, maji yanapojaa kuliko siku zote za mwezi. Bamvua ni rafiki mwenye masharti. Chombo kikikwama maji yakiwa kileleni, maji ya kesho na keshokutwa hayafiki pale tena, na kitasubiri nusu mwezi kikiwa kimelala ubavu. Jahazi lenye mkuku mrefu halivumilii hivyo. Mbao zake huachana. Daktari alikuwa ametuchelewesha kidogo na vipimo vyake, kwa hiyo tuliifikia kona ya mikoko mitatu alasiri, maji yakikaribia kusimama. Nilielekeza usukani kushoto, kama nilivyofanya miaka yote.

Halikugonga. Lilipanda taratibu juu ya mchanga, likatulia. Injini ikachimba tope tupu. Nahodha alinitazama. Mawazoni nilimuona marehemu Rubani Mkuu ameshika pondo lake.

Watu wa kijiji cha ukingoni walikuwa wakitoka msikitini baada ya kuswali alasiri. Wakaja na mitumbwi, na katika mtumbwi wa mbele alikuwamo shemeji Mwanahawa. Njia ilikuwa moja tu: kulilaza jahazi upande, maana chombo kikilala, mkuku huinuka. Mabaharia waliusukuma nje mti unaoshika tanga kwa chini, ukatokeza juu ya maji, na watu wakaukwea mmoja mmoja kutoka mitumbwini, wanaume kwa wanawake, wakaning'inia kama popo. Jahazi likainama. Maji yanaposimama kileleni hayakai, ni muda wa mtu kula wali wake na kunawa. Shemeji alikuwa mwishoni kabisa mwa mti ule, kanga yake imefungwa kiunoni.

"Sogezeni kwa huku," aliwaambia wenzake. "Kina kiko huku."

Alituonyesha upande kwa kidole. Nahodha alimfuata yeye, si mimi. Mkuku ukakwaruza, ukaachia, jahazi likateleza ndani ya maji ya kina. Daktari alichimbua tope lake, na wakulima wakapata jibu lao.

Jioni ile nahodha, kwa wema wake, alisema ataandika kwamba tulikwama kwenye fungu lisilojulikana. Nikachukua kalamu nikatia sahihi. Taarifa fupi, isiyo na doa. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la mkuu wangu nililisikia nikaliacha. La shemeji nikalidharau, na guu sikuvunjika. Nilipewa heshima. Ramani mpya ilipotoka, watafiti walikuwa wameliita fungu lile kwa jina langu, wakidhani mimi ndiye niliyeligundua. Siku ya kuniaga kazini, Mkuu wa Kituo alinikabidhi ramani hiyo imewekwa fremu, watu wakapiga makofi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na nilisimama pale natabasamu.

Sikuweza kuitundika. Ilikaa uvunguni miezi kadhaa, kisha siku moja nikaifunga kwenye shuka nikampelekea shemeji. Macho yake hayasomi tena maandishi madogo, akaniuliza pale kwenye kona pameandikwa nini. Nikamsomea jina langu. Nikamweleza na habari ya ile sahihi, na kwamba nilikuwa sijausoma mto, na kwamba niliwachekesha watu juu yake makusudi. Nilimwomba radhi.

Alikipangusa kioo kwa ncha ya kanga.

"Jina liache," alisema mwishowe. "Ila chini yake andika: aliambiwa."

Niliifungua fremu palepale, nikaandika kwa kalamu ya wino. Sasa ramani imo sebuleni kwangu. Marubani vijana wanapokuja kuniuliza habari za mto, hulisoma jina wakanipongeza, kisha macho yao hushuka chini na kuuliza ni nani aliyeniambia. Nawaambia wavue viatu, kisha nawaelekeza kwa shemeji.