Nyumba ya Watu Wanane

Mama mkwe wangu anaishi kijijini, India, na basi halifiki kwake. Linamshusha barabara kuu, halafu anajikokota kwa miguu na yale magoti yake mabovu. Jumapili moja alitupigia simu ya video, tukiwa jikoni kwetu Anderlecht, Ubelgiji, uso umemchangamka: watu wa sensa walikuwa wamepita. Mume wangu alinitafsiria. Mama aliwatajia wanawe wote, wake zao na wajukuu. Hata mimi, mtu wa Tanga, ambaye sijalala kule hata usiku mmoja, nimo. Jumla, watu wanane.

“Lakini mama, si unaishi peke yako!” nilifoka, mume wangu akamtafsiria.

Mama akacheka tu. Kwao, mwana akiondoka hajahama, amechelewa kurudi.

Nikamgeukia mume wangu, bwana ambaye treni ya metro ikichelewa kidogo nyumba nzima hatupumui. “Na wewe unaona sawa?”

Akakwepa macho yangu, akamuuliza mama yake kama ameshakwenda mjini kupimwa magoti.

“Bado,” alisema mama. “Sijapata mtu wa kunisindikiza mpaka kwenye basi.”